Kutambua Maambukizi ya Njia ya Mkojo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Maswali ya Awali hadi Vipimo vya Kizazi Kipya

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi wamezoea kuyaita UTI, hutibiwa kwa kukisia mara nyingi mno. Mgonjwa hueleza kwamba mkojo unamchoma, kijiti cha kupimia huchovywa katika mkojo, rangi yake hubadilika, na dawa huandikwa palepale. Njia hiyo fupi huwafaa baadhi ya wagonjwa, lakini huwaumiza wengine wa aina mbili: wale wanaomezeshwa antibiotiki ilhali hawana maambukizi, na wale wenye maambukizi ya kweli ambao kipimo kimewaonyesha kuwa wazima. Mwongozo huu unaifuata kazi ya utambuzi kwa mpangilio wake, kwa ajili ya mhudumu wa afya, mtaalamu wa maabara, na pia mgonjwa anayetaka kuyaelewa majibu aliyokabidhiwa. Msimamo wangu ni kwamba kipimo cha mkojo kina maana pale tu kinapojibu swali lililozaliwa na dalili za mgonjwa, na kwamba hakuna mashine, ya zamani wala mpya, inayoweza kutoa jibu zuri kutokana na sampuli mbaya.

Hatua ya kwanza: maswali kabla ya kipimo

Kwa kawaida bakteria huingia kutoka nje kupitia mrija wa mkojo, wakapanda hadi kwenye kibofu na, wasipozuiwa, hadi kwenye figo. Anayeongoza ni Escherichia coli, mkaaji wa kawaida wa utumbo, ambaye husababisha robo tatu au zaidi ya maambukizi ya kibofu yasiyo na utata. Wengine ni Klebsiella, Proteus, Enterococcus na, hasa kwa wanawake vijana, Staphylococcus saprophyticus. Kwa kuwa mrija wa mkojo wa mwanamke ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa, takriban nusu ya wanawake wote hupatwa na ugonjwa huu angalau mara moja maishani.

Uliza kwanza dalili za kibofu: maumivu au kuchomwa wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kubanwa ghafla, maumivu chini ya kitovu, na damu katika mkojo. Kisha uliza dalili zinazoonyesha kwamba figo zimeguswa, yaani homa, kutetemeka kwa baridi, kichefuchefu, kutapika na maumivu ya ubavuni. Gonga kwa upole mgongoni, pale mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo, uone kama mgonjwa anashtuka kwa maumivu. Tofauti hiyo haihusu jina la ugonjwa tu. Nitrofurantoini, kwa mfano, hukusanyika vizuri ndani ya mkojo lakini haifikii kiwango cha kutosha katika nyama ya figo, hivyo anayekosea mahali maambukizi yalipo anaweza kuchagua dawa isiyofika huko.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, swali lenye uzito kuliko yote ni kama anatokwa na uchafu usio wa kawaida ukeni au anawashwa. Mwanamke mwenye maumivu ya kukojoa pamoja na haja ndogo ya mara kwa mara, asiye na uchafu wala muwasho ukeni, ana uwezekano unaozidi asilimia 90 wa kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo hata kabla mkojo wake haujapimwa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kijiti kisichobadilika rangi hakitoshi kuuondoa ugonjwa. Iwapo uchafu au muwasho upo, uwezekano hushuka, na itafaa kufikiria maambukizi ya uke au magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono.

Wanaume hawapatwi mara nyingi, na kwa sababu hiyo kila mwanaume mwenye dalili aoteshwe mkojo, yaani bakteria waliomo wakuzwe maabara, na achunguzwe tezi dume. Tezi hiyo ikiwa imevimba kwa uchungu, ipapaswe kwa wepesi na isikandwe, kwani kuikanda kunaweza kusukuma bakteria kwenye damu. Mtoto mchanga hawezi kueleza kwamba anachomwa; kwake homa isiyo na chanzo kinachoonekana, kukataa kunyonya, kutapika au kulialia ni sababu ya kutosha ya kupima mkojo.

Wazee wanahitaji uangalifu wa pekee, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Mzee akichanganyikiwa kidogo au akianguka, mkojo wake hupimwa upesi, bakteria hupatikana, na lawama zote huwekwa hapo. Lakini watu wengi wenye umri mkubwa, hasa wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee, wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa chochote. Kuchanganyikiwa pekee, bila homa wala dalili za mkojo, kunapasa kumsukuma mhudumu atafute sababu nyingine kwanza: upungufu wa maji, dawa mpya, kufunga choo, au maambukizi mahali pengine.

Mgonjwa mwenye homa kali, shinikizo la damu lililoshuka, kupumua haraka au fahamu zilizopungua asisubirishwe katika foleni ya maabara. Huyo ni wa hospitali mara moja, achukuliwe damu ya kuotesha na mkojo, kisha dawa ianze.

Hatua ya pili: sampuli

Ningeruhusiwa kurekebisha jambo moja tu katika safari nzima ya mkojo, ningeanza na ukusanyaji wake. Ngozi inayozunguka tundu la mkojo ina bakteria wake, na uke vilevile, kwa hiyo mkojo unaochukuliwa ovyo hubeba wakaaji wa nje na kuwapa sura ya wavamizi.

Mweleze mgonjwa kwa maneno, usimkabidhi kopo na kumwonyesha mlango. Anawe mikono. Mwanamke atenganishe mashavu ya uke kwa vidole na aendelee kuyashikilia hivyo hadi atakapomaliza. Mwanaume ambaye hajatahiriwa arudishe ngozi nyuma. Mkojo wa mwanzo uende chooni, wa katikati uingie katika chombo kisafi kilichotakaswa bila kukatisha mtiririko, na wa mwisho umaliziwe chooni. Kopo lisiguse mwili, na ndani ya kifuniko pasiguswe. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa sababu umekaa kibofuni kwa saa nyingi, ila mgonjwa anayeumia sasa asirudishwe nyumbani kusubiri kesho. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.

Baada ya hapo muda huanza kuhesabiwa. Katika mazingira yanayowafaa, E. coli wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa mwendo huo bakteria 1,000 huvuka 60,000 ndani ya saa 2. Mkojo ulioachwa dirishani tangu asubuhi hadi adhuhuri unaweza kutoa majibu ya ugonjwa ambao mgonjwa hana. Ufikishwe maabara ndani ya saa 2. Ikishindikana, uwekwe kwenye friji kwenye nyuzi 4 za Selsiasi kwa muda usiozidi saa 24, au uwekwe katika chupa yenye asidi ya boriki. Chupa hiyo ijazwe hadi kwenye mstari wake, kwa sababu mkojo mchache hufanya asidi iwe kali kiasi cha kuwaua bakteria wenyewe, na majibu yakatoka safi kwa uongo.

Kwa mtoto asiyeweza kujizuia, mfuko wa plastiki unaobandikwa kwenye ngozi hurahisisha kazi, lakini uchafu wa ngozi huingia kwa wingi mno. Mkojo wa mfuko ukiwa safi, mtu anaweza kuamini kwamba maambukizi hayapo. Ukionyesha tatizo, hauthibitishi kitu, na sampuli nyingine ichukuliwe kwa kudaka mkojo wa katikati, kwa kupitisha mpira mwembamba (katheta) hadi kibofuni, au kwa kufyonza kibofuni kwa sindano juu ya mfupa wa kinena. Kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo, usichote kamwe kutoka kwenye mfuko unaoning'inia. Mpira uliokaa zaidi ya wiki 2 una utando wa bakteria ndani yake, kwa hiyo ukibainika kuwa bado unahitajika, ubadilishwe kwanza na mkojo uchukuliwe kupitia ule mpya.

Hatua ya tatu: kijiti cha kupimia mkojo

Utazame mkojo kwa macho, kisha usiutegemee mtazamo huo. Ukungu unaweza kuletwa na fuwele za fosfati, na harufu kali huweza kutokana na upungufu wa maji tu. Damu inayoonekana ni jambo jingine, na tutalirudia.

Katika kijiti, miraba miwili ndiyo inayohusika hasa. Wa kwanza hupima nitraiti. Bakteria wengi wa utumbo hugeuza nitrati, iliyomo katika mkojo kutokana na vyakula tunavyokula, kuwa nitraiti, na badiliko hilo huonekana kwa mmenyuko wa rangi ambao mkemia Peter Griess aliueleza katika karne ya 19. Kazi hiyo huhitaji mkojo ukae kibofuni kwa takriban saa 4, na ndiyo sababu mgonjwa anayekwenda haja ndogo kila nusu saa, yaani mgonjwa halisi kabisa, anaweza kuwa na nitraiti isiyoonekana. Zaidi ya hayo, Enterococcus na Staphylococcus saprophyticus hawana uwezo wa kuitengeneza. Nitraiti ikionekana katika mkojo mbichi wa mtu mwenye dalili, iaminiwe. Isipoonekana, haijasema neno.

Mraba wa pili hupima esterasi, kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu. Huo unaonyesha kwamba mwili unapambana, pasipo kueleza unapambana na nani. Uchafu wa ukeni huufanya ubadilike rangi bure, nayo sukari nyingi katika mkojo na vitamini C kwa wingi huweza kuuzuia usibadilike. Mraba wa damu husaidia kidogo, kwa kuwa mambo mengi hutoa damu.

Chovya kijiti katika mkojo ambao haujakaa muda mrefu na uliochanganywa vizuri, kitoe mara moja, kung'uta mkojo uliozidi kwenye ukingo wa kopo, kisha kilaze. Kwa vijiti vingi nitraiti husomwa baada ya sekunde 60 na esterasi baada ya dakika 2. Aliyesoma mapema au aliyekwenda kuzungumza na kurudi baada ya dakika 10 amesoma kitu kingine. Kopo la vijiti lifungwe kila mara, maana vijiti vilivyokaa wazi huweza kuonyesha nitraiti isiyokuwepo.

Miraba yote miwili ikibadilika kwa mtu mwenye dalili, utambuzi umekaribia kukamilika. Yote miwili ikikaa kimya kwa mtu mwenye dalili hafifu, maambukizi hayaelekei kuwapo. Katikati ya hali hizo mbili, otesha.

Hatua ya nne: hadubini

Hadubini ingali na thamani kubwa kuliko inavyopewa siku hizi. Chembe nyeupe 10 au zaidi katika kila milimita moja ya ujazo ya mkojo ambao haujazungushwa kwenye mashine huhesabiwa kuwa usaha wenye maana. Ukipaka tone la mkojo huohuo kwenye kioo, ukalitia rangi kwa njia ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884, kisha ukaona angalau bakteria mmoja katika kila eneo la lenzi ya mafuta, kiasi hicho hulingana na bakteria wapatao 100,000 kwa kila mililita. Hayo ni majibu ya dakika chache na yasiyo ghali, tena yanaeleza kama bakteria ni wa mviringo au wa kijiti. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito, lilipendekeza kuotesha mkojo ili kubaini bakteria wasioleta dalili, na pale pasipo na uwezo wa kuotesha, likaitanguliza rangi ya Gram mbele ya kijiti.

Chembe nyeupe zilizogandamana katika umbo la vijimrija vidogo huonyesha kwamba uvimbe uko ndani ya figo. Chembe nyingi za ngozi ni ishara kwamba sampuli imechafuliwa; hapo iombwe nyingine badala ya kuendelea. Na mayai ya kichocho yenye mwiba mwishoni yakionekana, damu iliyokuwa ikimsumbua mgonjwa imepata maelezo ambayo antibiotiki isingeyagusa.

Hatua ya tano: kuotesha mkojo na kusoma idadi

Mtaalamu huchota mkojo kwa kitanzi chenye ujazo maalumu, aghalabu mikrolita 1, akausambaza kwenye sahani zenye chakula cha bakteria kama agari ya damu na agari ya MacConkey, au agari ya CLED, kisha sahani zikakaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37 kwa saa 18 hadi 24. Kila kundi linaloota huhesabiwa kuwa limetokana na bakteria mmoja, kwa hiyo kundi moja kwa kitanzi cha mikrolita 1 humaanisha bakteria 1,000 kwa mililita, na makundi 100 humaanisha 100,000.

Idadi hiyo ya 100,000 imegeuka kuwa sheria katika vichwa vya wengi, na inafaa kujua ilikotoka. Edward Kass aliipendekeza katika miaka ya 1950 kutokana na uchunguzi wa wanawake wenye maambukizi ya figo na wengine wasio na dalili, ili kutenganisha bakteria wa kweli na uchafu wa sampuli. Haikukusudiwa kumnyima matibabu mwanamke anayelia kwa maumivu. Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake walionyesha kwamba, kwa wanawake wenye dalili kali, hata bakteria wa utumbo 100 kwa mililita wanaweza kuwa ushahidi wa maambukizi ya kibofu. Utafiti wa Thomas Hooton na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulilinganisha mkojo wa katikati na mkojo uliotolewa kwa mpira kwa wanawake haohao: E. coli katika mkojo wa katikati, hata wakiwa wachache, kwa kawaida walikuwapo kweli kibofuni, ilhali Enterococcus na streptokoka wa kundi B mara nyingi hawakuwapo. Kwa hiyo isomwe idadi pamoja na jina la bakteria na hali ya mgonjwa. Kwa aliyewekewa mpira na mwenye dalili, 1,000 kwa mililita hutosha. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 24, mwongozo wa Marekani wa mwaka 2011 ulitaka angalau 50,000 kutoka katika sampuli ya mpira au sindano, pamoja na usaha. Aina tatu au zaidi za bakteria zikiota pamoja, kwa kawaida sampuli imechafuliwa.

Usaha ukiwapo na sahani isioteshe kitu, usimwambie mgonjwa kwamba hana tatizo. Huenda ameshameza antibiotiki, ana klamidia, ana mawe, au ana kifua kikuu cha njia ya mkojo, ambacho hakioti kwenye sahani za kawaida.

Bakteria akishatambuliwa, hupimwa usikivu wake kwa dawa, yaani ni dawa zipi zinazoweza kumzuia. Njia ya vidonge vya karatasi, iliyosanifiwa na Kirby, Bauer na wenzao mwaka 1966, bado hutumika kila mahali: bakteria hutandazwa kwenye agari ya Mueller-Hinton, karatasi zenye dawa huwekwa juu, na kesho yake upana wa duara lililo tupu hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na majedwali ya CLSI ya Marekani au EUCAST ya Ulaya, taasisi zinazoweka viwango vya vipimo hivyo. Jumla ya muda, tangu sampuli hadi majibu ya dawa, ni siku 2 hadi 3. Pengo hilo ndilo vipimo vipya vinavyojaribu kuliziba.

Vipimo vya kizazi kipya, na maswali ya kuviuliza

Vya kwanza huharakisha njia ya zamani bila kuibadili. Mashine zinazopitisha mkojo mbele ya miale ya leza huhesabu chembe nyeupe na bakteria kwa muda wa dakika moja hivi, na faida yake kubwa ni kuondoa mapema sampuli zisizo na kitu ili zisioteshwe bure. Teknolojia ya MALDI-TOF hulenga leza kwenye kundi lililoota, ikapima uzito wa protini zake na kumtaja bakteria kwa dakika chache, kazi ambayo zamani ilihitaji siku nyingine nzima.

Vya pili hutafuta vinasaba. PCR, njia ya kuzidisha vipande vya DNA hadi viweze kutambuliwa, huweza kubaini bakteria wengi kwa mara moja, pamoja na baadhi ya jeni za usugu, ndani ya saa chache, na usomaji wa DNA yote iliyomo katika mkojo huenda mbali zaidi. Ninavipokea kwa tahadhari. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba kibofu cha mtu mzima wa afya si mahali pasipo bakteria, kama vitabu vilivyofundisha. Kipimo kinachonusa kila DNA kitawapata wakaaji hao, kitawapata hata bakteria waliokwisha kufa, na orodha ndefu ya majina itamshawishi daktari atibu. Tena kuwapo kwa jeni ya usugu hakuelezi daima kama dawa itashindwa, na kutokuwapo kwake hakuhakikishi kwamba itafaulu. PCR ina nafasi kwa mgonjwa mahututi, au mwenye dalili zinazojirudia huku sahani zikibaki tupu. Haifai kupimiwa kila anayepita mlangoni.

Vya tatu vinanipa matumaini zaidi, kwa sababu huwatazama bakteria walio hai wakikutana na dawa. Katika vipande vidogo vyenye mifereji myembamba kuliko unywele, bakteria wa mgonjwa hunaswa mmoja mmoja, baadhi wakapewa antibiotiki na wengine wasipewe, kisha kamera ya hadubini ikafuatilia nani anaendelea kukua. Mfumo wa PA-100 wa Sysmex Astrego wa Uswidi, unaofanya kazi kwa namna hiyo na kutoa majibu ya usikivu ndani ya dakika 45, ulishinda mwaka 2024 tuzo ya Longitude ya Uingereza yenye thamani ya pauni milioni 8. Jibu likipatikana mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi, dozi ya kwanza inaweza kuwa ndiyo sahihi.

Zipo pia programu za simu zinazosoma rangi za kijiti kupitia kamera. Hizo huondoa makosa ya jicho na ya saa, lakini kijiti kinabaki kilekile pamoja na udhaifu wake wote.

Kabla ya kununua au kuamini kipimo chochote kipya, uliza mambo matano: kililinganishwa na nini, kilijaribiwa kwa wagonjwa wenye dalili au kwa sampuli zilizohifadhiwa rafuni tu, kinawatofautisha bakteria hai na wafu, kinaeleza idadi, na majibu yake yatabadilisha uamuzi gani wa matibabu.

Picha, na ufuatiliaji

Maambukizi ya kawaida ya kibofu hayahitaji picha. Ultrasaundi ya figo na kibofu ifanywe pale homa inapoendelea baada ya saa 48 hadi 72 za dawa inayofaa, panaposhukiwa mawe au kuziba kwa mkojo, kwa mtoto mdogo aliyepata maambukizi yenye homa, na pale Proteus anapojirudia, kwa kuwa bakteria huyo hujenga mazingira ya mawe. Damu katika mkojo inayoendelea baada ya maambukizi kupona ichunguzwe hadi chanzo kijulikane, hasa kwa mvutaji wa sigara au mtu aliyevuka makamo, maana saratani ya kibofu huweza kujificha nyuma ya matibabu ya UTI yanayorudiwa.

Asiye na dalili asipimwe mkojo kutafuta bakteria, isipokuwa mjamzito, au mtu anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo utakaochubua utando wa ndani. Vivyo hivyo, aliyepona hahitaji kuoteshwa tena ili kuhakikisha. Mjamzito ndiye hurudia. Dalili zikibaki au zikirejea ndani ya wiki 2, otesha upya na upime usikivu, wala usiongeze siku za dawa ileile. Zikirejea mara 2 katika miezi 6, au mara 3 katika mwaka, kila shambulio lipate sampuli yake, na majina ya bakteria yaandikwe kwa kufuatana katika faili la mgonjwa, kwa sababu bakteria yuleyule anayerudi upesi huelekeza kwenye jiwe, tezi dume au kibofu kisichojimwaga, ilhali bakteria tofauti kila mara huelekeza kwenye maambukizi mapya kutoka nje.